Pampu ya wafadhili, kadi ya chama, na "lakini" niliyobaki nayo mdomoni

Wakuu, nawasalimu wote. Na mimi nawaita wakuu kama mnavyoitana humu, ingawa wengi wenu ni wajukuu zangu. Mlionuia kuniamkia, marahaba kabisa.

Nimesoma kisomo cha watu wazima tu, kwa Mwalimu Kashinje. Mkiona herufi imeruka, nivumilieni. Vidole vimekakamaa.

Nitaandika nilichokiona kwa macho yangu. Chumvi siongezi, hata dispensari walishanikataza.

Kilichonileta ni huu ubishi wenu wa juzi kuhusu misaada ya nje. Mmoja anasema wafadhili wanaokoa wananchi. Mwingine anasema wanawanenepesha watawala.

Nimesoma komenti zote mpaka mwisho, na sijui niko upande gani. Mimi yote mawili niliyaona yakitoka kwenye bomba moja.

Iko hivi.

Kwetu ni Misungwi, kijiji cha ziwani. Ukisimama juu ya mawe unaiona feri inatoka Kigongo kwenda Busisi.

Ilikuwa miaka ya tisini, vyama vingi vimeruhusiwa. Mitumba imejaa gulioni, pamba ananunua yeyote mwenye mzani, sangara wanakwenda viwandani, sisi tunabaki na mapanki, vichwa na mifupa yake.

Maji tulichota ziwani. Ziwa letu zuri kwa macho, lakini lina kichocho, na lina mamba.

Ndipo akaja mama mmoja wa kizungu, mrefu, anajua Kiswahili cha kuomba na kushukuru. Siku aliyofika mvua ilinyesha, tukampa jina Mbula, maana kwetu mbula ni mvua. Alilipenda hilo jina.

Mbula akasema watu wa kwao wametoa pampu ya kisima. Wanawake tulipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia.

Kuchimba tulichimba wenyewe. Nawakumbuka wote. Masanja alionyesha mahali. Maduhu na Shija walichimba. Milembe, Kabula na Holo walibeba mchanga. Na Bujiku, mdogo wangu wa tumbo moja, ndiye aliyekesha na homa kwa kushinda shimoni siku tatu.

Maji yakatoka. Baridi, matamu. Watoto wakaacha kuharisha. Hili msinibishie, nililiona.

Sasa hapa ndipo ninapochanganyikiwa.

Mbula alitaka kuwe na utaratibu. Kila kaya iwe na kadi ya maji, iandikishwe ofisini. Utaratibu mzuri, nani atakataa?

Ila ofisi kijijini ilikuwa moja. Chumba kile kile ni cha serikali, na cha chama kilichoshika nchi. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Luhende, ndiye huyo huyo mwenyekiti wa chama. Ufunguo wa pampu akautundika shingoni kama rozari.

Ukienda kuomba kadi ya maji, Luhende anakuuliza kwanza kadi ya chama.

Na Bujiku alikuwa ameshahamia chama kipya. Anavaa kofia yao hata shambani.

Mke wake, wifi yangu Minza, alikwenda na ndoo, mimba ya miezi saba. Luhende akamtazama, akasema mbele ya foleni nzima:

"Minza, wewe kachote kwa chama chenu. Si mna ziwa zima?"

Watu wakacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kidogo. Luhende alikuwa anajua kuchekesha.

Bujiku akaja moto. "Luhende, shimo nimechimba mimi! Maji haya ya wazungu, siyo yako!"

"Wazungu wako wapi?" Luhende akazungusha kichwa kama anatafuta. "Waite."

Kwa hiyo Minza akarudi kuchota ziwani. Na wanawake wengine wa chama kipya vilevile.

Tukasikia Mbula anakuja na wakubwa wa wilaya kuzindua pampu. Tukiwa tunapalilia pamba kwa Holo, wanawake wakanichagua mimi nizungumze, kwa sababu sisahau majina. Kabula akaniambia, "Dada, umwambie kabisa. Mtaje Minza. Yule mama akijua hatakubali."

Nikasema nitamwambia.

Siku ikafika. Viti vimepangwa, Luhende kavaa koti, ufunguo kifuani. Minza kasimama nyuma kabisa, ndoo kichwani, haina kitu. Tulikubaliana nikimtaja asogee mbele.

Wakuu, nisikilizeni vizuri hapa, maana kosa langu liko hapa.

Kwetu mgeni hapokelewi kwa shida. Mama yangu alinifundisha: mgeni unampigia magoti, unamsalimia na watu wa kwake wote, unashukuru, unawataja waliofanya kazi, unampa kitu mkononi. Ukishamaliza hayo ndipo unasema "lakini". Kwenye lakini ndipo unapoweka shida yako.

Ukianza na shida umemtukana.

Basi nikapiga magoti. Nikauliza hali ya mume wake, watoto wake, mvua za kwao. Nikashukuru maji. Nikamtaja Masanja, Maduhu, Shija, wabeba mchanga wote.

Na kwa kuwa ni adabu kumtaja mwenye mji, nikamshukuru na Luhende. Akainama kidogo, watu wakapiga makofi.

Dereva akaangalia saa. Mkubwa mmoja wa wilaya akasema kwa sauti, "Feri haisubiri."

Nikaharakisha, nikatoa jogoo. Mbula akampokea, machozi yakamtoka. Akanikumbatia. Mzungu mwingine akatupiga picha: mimi, Mbula, jogoo, na Luhende katikati na ufunguo wake.

Nikafungua mdomo niseme lakini.

Mbula alikuwa ameshapanda gari.

Niligeuka nikamwona Minza. Alikuwa ameshusha ndoo kichwani, anaitazama tu.

Baada ya hapo kijiji chetu kikaitwa cha mfano. Luhende akaletewa pikipiki ya mradi, ya kukagua visima. Alikagua kweli. Na uchaguzi ulipokaribia, pikipiki hiyo hiyo ikakagua nani ana kofia gani.

Sijui kama Mbula alijua. Nimejiuliza miaka yote hii. Kama hakujua, mbona hakuuliza? Na angeuliza saa ngapi, wakati mimi nilikuwa nashukuru?

Siku moja mchana Minza alirudi kutoka ziwani bila ndoo. Kanga imechanika mpaka magotini. Mamba aliichana kanga, akaondoka na ndoo. Minza alikaa chini mlangoni.

Bujiku aliiona ile kanga. Asubuhi akavua kofia, akachukua kadi ya chama kipya, akaenda pampuni. Nilikuwepo, nilikuwa wa tatu kwenye foleni.

"Luhende, kadi yao hii hapa, nimetoka. Mpe mke wangu maji."

Luhende akasema, "Sema kwa nguvu, shemeji. Kule nyuma hawajasikia."

Bujiku akasema kwa nguvu.

Siku hiyo hakuna aliyecheka. Minza akachota. Mtoto akazaliwa salama, wa kike, ni mzima mpaka leo, ana watoto wake. Uchaguzi ulipofika, chama kipya hakikuwa na hata wa kubandika karatasi.

Ila Bujiku maji ya pampu hakuyanywa tena, hata tone. Minza anakunywa, watoto wanakunywa, yeye anashuka ziwani, anaingia majini na kibuyu chake. Nilimsihi. Akaniambia, "Dada, wewe kunywa. Mimi nimeshayalipia."

Miaka ikapita, kichocho kikamwingia mpaka kwenye ini. Tulimpeleka hospitali mjini, tumbo limejaa. Daktari, kijana mpole, akatuuliza, "Huko kwenu si nasikia mna pampu ya wafadhili siku nyingi?"

Minza akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia sakafu.

Tulimzika Bujiku juu, karibu na mawe, ambako feri inaonekana.

Funzo nililopata ni dogo, na sijui kama ni lenyewe. Siku hizi mgeni akija na msaada wowote hapa kijijini, namwambia lakini kwanza, jogoo baadaye. Wajukuu wananiona sina adabu.

Sasa ninyi mliosoma, nisaidieni bibi yenu. Maji yale yaliokoa watoto. Maji yale yale yalimpigisha magoti mdogo wangu. Mngekuwa ninyi, pampu mngeikataa?

Andikeni, nitasoma zote, hata za matusi. Nasoma polepole, nikiwa nimekaa na kikombe changu cha maji.

Ya pampu.