Dawa Isiyoonjwa

Mdogo wangu Adventina alipika pombe ya ndizi hapa Mbuba tangu alipoolewa mpaka saratani ya mlango wa kizazi ilipomlaza. Hakuwahi kumpa mtu kata ya pombe kabla hajapiga funda moja mwenyewe, mnywaji akaona. Ndiyo desturi yetu: anayekupa bila kuonja, mwogope. Hata padri alionjewa, akacheka, akapokea.

Sasa nesi Josiane, anayezungukia wagonjwa majumbani, akaja na chupa ya mofini. Akasema wazi kwamba haiponyi, inatuliza maumivu tu. Adventina akamwambia, "Onja kwanza."

"Nisamehe, mama. Hii ni dawa yako peke yako, mimi siruhusiwi."

Yesu wangu! Josiane alipotoka tu, mdogo wangu akaisukuma chupa chini ya kitanda. "Umemwona? Ameogopa. Wamenichoka, wanataka niende upesi."

Hapo ndipo nilipoijua hofu. Maumivu yalipomshika aling'ata kanga asipige kelele, na mimi nikakimbilia mgombani kuziba masikio. Nilimwogopa yeye, nikaiogopa na chupa. Nikambembeleza, nikamfokea, nikamwita kichwa kigumu. Wapi! Mdomo kaufunga.

Juzi mchana alilia akaniita mama, na mama yetu tulishamzika zamani. Nikasema liwalo na liwe. Nikaitoa chupa, nikaketi mbele yake aone vizuri, nikadondosha tone moja ulimini. Chungu, jamani! Tukakaa tunatazamana, yeye akisubiri nife, na mimi, niseme ukweli, nikisubiri vilevile.

Sikufa. Nikampimia kama nesi alivyotuonyesha, akanywa.

Alipolala nikaogopa upya. Nikaweka kiganja mbele ya pua yake, nikakitoa, nikakirudisha tena na tena. Jua lilipoinama akafumbua macho, uso umelainika, ndiye Adventina wangu wa zamani.

"Dada, upo?"

"Nipo. Maumivu je?"

"Yamekaa pembeni kidogo." Akanishika mkono kwa nguvu. "Dada, naogopa. Huko ninakokwenda, nani atanionjea?"

Nikapanda kitandani nikalala naye, tunaogopa wote wawili.