Mpelelezi Aliyesema Uongo

Harufu ya vumbi lililopata joto nyuma ya televisheni ya zamani bado hunirudisha Bungoma, sebuleni kwetu, Jumapili baada ya kanisa. Televisheni yetu ilikuwa nzito kama gunia la mahindi, nayo ilivalishwa kitambaa cha kufuma ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukitoa ila mama. Ikishaanza kunuka hivyo, majirani walijua kipindi cha mpelelezi kiko karibu, na viti vilikwisha upesi.

Kilikuwa kipindi cha Kizungu cha kale, kilichotengenezwa hata kabla baba hajaoa. Mpelelezi alivaa koti refu jua likiwaka, na hakuwahi kumkosa mtu aliyemtafuta. Sisi hatukumtazama tu, tulimhukumu. Baba, aliyekuwa karani katika ofisi ya kilimo, alipenda kutoa uamuzi wa mwisho. Mzee Barasa, jirani yetu aliyestaafu upolisi, alitusomea makosa ya upelelezi moja baada ya jingine.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi, na Senge Nafula alikuwa akikaa kwetu. Senge ndivyo tunavyomwita shangazi, dada yake baba. Alikuwa ameolewa Sirisia, akaja kutusalimia na mkoba mmoja, na salamu zikaingia wiki ya tatu. Hakutulia hata kidogo. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa, akaosha sufuria safi. Akikaa, alichagua kiti kinachotazama mlango, na pikipiki yoyote ikipunguza mwendo barabarani, mikono yake ilisimama. Tulilala kitanda kimoja, naye akaniambukiza. Nikaanza kusikiliza pikipiki bila kujua ninaogopa nini.

Jumapili moja kisa kilikuwa cha mke aliyepotea. Mumewe alimtuma mpelelezi amtafute, naye akampata mji wa mbali, ana jina jingine, anauza maua. Yule mama hakulia. Alimwomba tu asiseme. Mpelelezi akarudi, akavua kofia, akamwambia mume kwamba ameshindwa kumpata. Muziki ukapigwa, majina yakaanza kupanda.

"Hiyo si kazi," Mzee Barasa akasema. "Umetumwa utafute mtu, umempata, halafu ati hujamwona? Hiyo ni kuuza kesi, bana."

Mama, aliyekuwa akikusanya vikombe, akasema labda mpelelezi alimwangalia yule mume vizuri kuliko sisi.

Baba akatikisa kichwa. "Mambo ya nyumba yanamalizwa kwa kikao, si kwa kutoroka. Na mtu wa serikali akianza kudanganya, nani atasema ukweli?"

Walibishana mpaka chai ya mwisho ikapoa. Ndipo Senge akauliza, "Na huko alikoenda, huyo mama alipataje kazi?"

Watu wakacheka. Mzee Barasa akamwambia hiyo ni sinema tu. Senge naye akatabasamu, lakini niliona bado anangoja jibu. Baba hakucheka. Alimtazama dada yake kwa muda, kisha akasema anatoka kuangalia ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe alikuwa amefungwa pale pale dirishani, tunamwona sote.

Siku mbili baadaye, akinisuka nywele, Senge aliniambia kwamba kesho angeenda Kitale kupika katika shule moja. "Nakuambia wewe kwa sababu utaamka unikose," akasema. "Usinitafute kwa kelele." Asubuhi upande wake wa kitanda ulikuwa baridi.

Neno Kitale likawa linaniwasha ulimi kama pilipili. Darasani nililiandika nyuma ya daftari, nikalifuta mpaka karatasi ikatoboka. Sikula vizuri. Mama akanipa dawa ya minyoo.

Jumamosi pikipiki ikapunguza mwendo, na safari hii ikazima mlangoni kwetu. Alikuwa mume wa Senge, nguo zimepigwa pasi, mkononi mkate na sukari. Aliongea kwa upole sana, na upole huo ndio ulionitia wasiwasi zaidi. Nilisimama kwenye mlango wa jikoni nikibadilisha miguu kama mtu anayekanyaga siafu.

"Nanjala," akaniita. "Si wewe ndiye unalala na senge wako? Alienda wapi?"

Nilimtazama baba. Mwezi uliopita alikuwa amenichapa kwa kudanganya juu ya sukari niliyolamba, na maneno yake ya Jumapili nilikuwa bado nayasikia. Nikafungua mdomo.

"Huyo mtoto hajui kitu," baba akasema. "Hata sisi hatujui, shemeji. Tulifikiri amerudi kwako."

Akammiminia mgeni chai, akamimina mpaka ikafurika kwenye meza. Mgeni akakaa karibu saa nzima, akitazama mlango wa chumba cha kulala, kisha akawasha pikipiki akaenda. Baba akaniambia nikacheze. Sikuweza. Kwa miezi nilimwona baba yangu kama mtu mwenye ndimi mbili, na kila alipotuombea chakula nilifungua jicho moja nikamchunguza.

Desemba tulikwenda Kitale kumwona Senge. Alikuwa amenenepa, na alicheka akiwa amejaza chakula mdomoni. Huko ndiko nilikosikia akimwambia mama kwamba kazi ya jikoni alitafutiwa na baba, na kwamba asubuhi ile baba ndiye aliyembebea mkoba mpaka barabarani.

Lakini lililobaki nililielewa nikiwa mtu mzima, mama aliponieleza. Kikao alichokisifu baba kilikuwa kimeshakaa mara mbili juu ya ndoa ya Senge. Mara zote mbili wazee waliamua arudi Sirisia, na mara zote mbili aliyemsindikiza kurudi alikuwa baba, akitembea mbele, bila kugeuka nyuma kumtazama.