Sahani Iliyorudi Tupu

Sogea karibu, ndugu yangu, nikueleze ninavyoijua mimi kazi ya kuanzisha kampuni ya programu za simu. Si jambo la kutisha. Unachukua shida moja ya watu unaowajua, unaiandikia programu, kisha unakosea na kurekebisha mpaka ikubali.

Shida niliyoichukua mimi ilikuwa chakula. Walimu na makarani waliotoka bara, wanaopanga vyumba mtaa wa Wiyoni, walikuwa wakilala na chai na mkate. Huku mtaani kwetu Mkomani, mama yangu na wenzake wanapika vyakula ambavyo mgeni havijui. Kwenye programu yangu mgeni angechagua chakula, mpishi angepata ujumbe, nami ningepeleka.

Niliacha kazi Mombasa nikarudi nyumbani. Mtandao ulishika juu darini tu, mahali pa wazi, basi nikaweka meza huko, nikajifunika leso mimi na tarakilishi ili jua lisinizuie kuona kioo. Umeme ukikatika, nilianza upya. Watu walikuja kuniposa, nikaomba wasubiri programu ikamilike. Hawakusubiri.

Mama ndiye aliyekuwa mpishi wa kwanza.

"Sasa ndia ya kuja jikoni kwangu ataijua kila mtu?" aliniuliza.

"Watazijua sambusa, Mama. Wewe hawatakuona."

"Basi ziandike vizuri. Lakini usiseme ni tamu sana, watatuvunjia mlango."

Wateja wakaja, wakaleta wenzao. Kisha Ramadhani ikaingia.

Kwetu, kabla ya Maghrib, sahani huvuka kichochoro zikiwa zimefunikwa kawa. Jirani wa ukuta mmoja nasi, bibi aliyemchukua mama kama mdogo wake, alituletea kaimati, zile tamu za kukaanga zenye shira, kila mwaka. Sahani yake haikurudi tupu hata mara moja. Mama aliitia chakula chake, naye vivyo hivyo kwa sahani zetu.

Mwaka ule sahani yake haikuja. Mama akadhani anaumwa, akanituma na sambusa. Kesho yake yule bibi akanirudishia sahani mlangoni. Ilikuwa imeoshwa, haina kitu.

"Mwambie mamako asiniletee tena," alisema kwa upole. "Chakula chake sasa ni biashara. Nikila bure nitamrudisha nyuma. Na kaimati zangu hizi nimpelekee vipi, mtu anayengojwa na Wiyoni nzima?"

Hakuwa na kinyongo. Angekasirika ningemwomba radhi, lakini yeye alikuwa akitusaidia.

Mama aliipokea sahani, akaigeuza, akaiosha tena ingawa ilikuwa safi. Tulifuturu chakula chetu wenyewe, sisi wawili.

"Simu yako inalia," akasema.

"Iache ilie, Mama."

"Watu wameshinda na saumu. Usiwaache na njaa."

Akainuka kwenda kufungasha.

Baada ya Idi niliifunga kampuni. Programu ilikuwa ikifanya kazi vizuri, na nataka ulijue hilo, maana watu hudhani kampuni hufa kwa sababu ina kasoro. Mama alivaa buibui akaenda kumwambia jirani kwamba biashara imekwisha. Alikuta mlango umefungwa. Mwana wa yule bibi alikuwa amempeleka Malindi kwa matibabu, na mpaka leo hajarudi.

Kabatini mwetu imebaki sahani yake moja, yenye maua ya buluu, iliyokuja na kaimati za mwisho, Ramadhani ya mwaka uliotangulia, tukachelewa kuirudisha. Kila Ramadhani mama huishusha, huipangusa, huirudisha mahali pake.

Nawe kama una wazo lako, lianze. Utaweza, na usiogope kuchoka. Lakini kwanza fungua kabati lako. Ukiona sahani ya jirani, itie chochote ulicho nacho, hata tende chache, uifunike, umpelekee leo kabla jua halijatua.