Mama Kakaa Juu ya Ukuta

Leo nimeaibika huku Italia, jamani.

Kwaya yetu imepelekwa kutembelea mji wa kale kilimani, una ukuta wa mawe kuuzunguka. Nikamwambia anayetutembeza kwamba hata kwetu Butiama babu alizungushia zizi lake ukuta wa mawe matupu, bila tope, na bado umesimama.

Akauliza, "Anautunza nani?"

Juzi nilimwambia kaka auvunje, mawe yakawe msingi wa nyumba yangu.

Nikampigia hapohapo. "Kaka, usivunje."

"Lori lilikuja asubuhi."

Nikauliza, "Likabeba mawe?"

"Likaondoka tupu. Mama kakaa juu ya ukuta, kakataa kushuka."

Mlioko Butiama, mwambieni mama nimeghairi, ashuke. Kaka kamwambia, hamwamini.