Mkamwana Wangu na Kisima cha Mzee

Kazi ya mkamwana wangu ni kusafisha ardhi. Nikisema hivyo watu hucheka, wananiuliza ardhi inafuliwaje. Hata mimi nilicheka mwanangu alipomleta nyumbani. Nilimwambia jikoni, "Miaka yote hiyo shuleni, mama, ulikuwa unafundishwa kufagia?" Akajibu, "Ndiyo, mama, ila sisi tunafagia mpaka chini ya udongo." Palipomwagwa mafuta machafu, au dawa ya sumu, au zebaki ya wachimba dhahabu, yeye na wenzake hutoboa ardhi, hutia udongo na maji kwenye chupa, huvipeleka kupimwa, ndipo huamua kipi kichimbwe na kipi kifukiwe. Amezunguka nchi kwa kazi hiyo. Sikujua kwamba siku moja ingemleta mlangoni kwangu, wala kwamba atakayemsumbua kuliko sumu yenyewe ni mume wangu.

Mimi ni Mkisi wa ufukweni mwa ziwa, nimekulia kwenye kufinyanga vyungu. Niliolewa huku bondeni kwa Wanyakyusa, kwenye mpunga na kokoa, nikakuta heshima yao ya mkwe. Mke wa mwana haonani na baba mkwe. Hawasalimiani, hawapitani njiani, na sauti yake mkwe asiisikie. Siku hizi wengi wameiacha, hata kanisani walishasema hailazimu. Mzee wangu hakuiacha. Mkamwana naye, pamoja na usomi wake, hakumbishia. Akija nyumbani alisimama kwenye migomba nyuma ya jiko akakohoa. Mzee akisikia, anachukua fimbo anatoka kwa mbele, anakwenda kukaa kwa jirani mpaka mgeni aondoke. Wajukuu wamezaliwa, wamekua, na mzee alikuwa hajawahi kumsikia akitamka neno.

Sasa, upande wa chini wa shamba letu kulikuwa na ghala bovu. Zamani sana ziliwekwa humo dawa za kupulizia mashamba. Wenyewe walishaondoka, paa likaanguka, nasi tukazoea harufu yake mvua inaponyesha, kama unavyozoea mlevi wa jirani. Kisima cha mzee kiko hatua chache tu kutoka pale, upande wa bondeni. Alikichimba mwenyewe akiwa kijana, kabla hajanioa. Bomba la kijiji lilipokuja, mimi nilihamia bombani. Yeye alisema maji ya bomba yana ladha ya bati.

Kazi ya kuliondoa ghala lile ilipokuja, mkuu wake akawa mkamwana wangu. Walifika na gari lenye turubai, wakazungusha utepe wa njano, wakatoboa toboa, wakachukua maji kwenye visima vyote vya jirani. Majibu yalipotoka aliitisha mkutano ofisi ya kijiji. Nilikuwepo, nimekaa na kina mama. Mzee alikuwa amekaa mbele na wanaume. Mkamwana alipoingia tu, mzee akainuka, akajifunika uso kwa kofia, akatoka. Hakuna aliyeshangaa. Ndiyo adabu. Mkamwana akasimama akaeleza kwamba dawa imeshuka ardhini, kwamba visima vitatu visitumiwe tena hata kwa kuoshea vyombo, na kibaya kuliko vyote ni kile kilicho upande wa chini wa ghala. Kijiji kizima kilisikia isipokuwa mwenye kisima.

Nilimweleza jioni ile ile.

"Nani kasema?" akauliza.

"Unamjua aliyesema."

"Kama ni kisima changu, si angeniita mimi?"

"Akuite vipi, na wewe ukimwona unakimbia?"

"Sikimbii. Namheshimu." Akanywa maji mbele ya macho yangu, kikombe kizima, taratibu, huku ananitazama. "Haya. Nimekufa?"

Kuanzia hapo nyumba ikawa ngumu. Nilijaribu kuujaza mtungi wake maji ya bomba bila kumwambia. Alionja, akaumwaga wote kwenye migomba, akachukua ndoo akaenda kuchota mwenyewe. Nilimpelekea mkamwana habari nyuma ya jiko. Alinisikiliza ameinama, akasema kwa kunong'ona, maana siku hiyo hakukohoa na mzee alikuwa barazani, "Mama, sumu hii haiui siku moja. Inakaa kwenye ini, inakaa kwenye damu. Na masika yakija maji yakajaa bondeni, itatembea. Nikizingira kisima chake bila ridhaa yake nitakuwa nimemvunjia heshima. Nikikiacha nitakuwa nimemuua." Mwanangu alipiga simu kutoka Mbeya akazungumza na baba yake. Aliambiwa asimpigie tena kwa ajili ya maji.

Na kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelitambua mapema, mimi mwenyewe nikiwemo. Njia ya kwenda kisimani ilipita pembeni mwa ghala, ndani ya ule utepe. Mzee alikuwa haupiti kamwe gari likiwepo. Tulidhani ameelewa hatari. Kumbe kwake utepe ulikuwa na maana moja tu: mkamwana yupo. Gari likiondoka, mkamwana hayupo, njia ni yake. Alikuwa akiuruka kila walipoenda kula.

Siku yenyewe nilikuwa napepeta mpunga uani. Kule ghalani walikuwa wamevunja sakafu. Nikasikia kijana mmoja anapiga kelele, "Rudini! Rudini upande upepo unakotoka!" Nikanyanyuka. Chini ya sakafu kulikuwa na mapipa yaliyozikwa, hakuna aliyejua, na moja limepasuka. Harufu ilinifikia nilipo, tamu, ya kukata koo. Watu wote wenye mavazi meupe walitawanyika. Gari likaondoka mbio kwenda Kyela mjini kuchukua unga wa mbao wa kufyonzea ile dawa. Akabaki mtu mmoja tu kwenye shimo, amejifunika mwili mzima, uso ndani ya barakoa kubwa yenye vichujio, anakusanya udongo kuziba umajimaji usitiririkie bondeni.

Ndipo nilipomwona mzee. Ameona gari linaondoka. Ndoo mkononi, fimbo mkononi, anashuka.

Nilimwita. Masikio yake mabovu, au hakutaka. Nikaacha ungo, nikakimbia na magoti yangu haya. Nilipofika kwenye utepe alikuwa ameshauruka, na yule mtu wa shimoni ameshapanda, amesimama katikati ya njia, mikono ameitanua.

"Nipishe, kijana," mzee akasema.

Yule mtu akatikisa kichwa.

"Gwe, wewe! Huna masikio? Wa wapi wewe, wa Kasumulu? Huko mpakani ndiko mnakofundishwa kusimama mbele ya wazee kama mbuzi?"

Nilikuwa nataka kupiga kelele kwamba huyo si kijana. Nikajizuia. Nikisema, mzee atageuka akimbie, na upande wa kukimbilia ulikuwa ule ule unakoelekea mvuke wa ile dawa. Nisiposema, mkamwana wangu atasimama na mkwe wake uso kwa uso. Nikashika kamba ya utepe, nikanyamaza.

Mzee akajaribu kumpita. Mguu wake ukateleza kwenye tope lile. Yule mtu akamshika mkono, kwa nguvu, akamvuta juu.

"Baba," akasema. Sauti ilitoka ndani ya barakoa, nzito, kama ya mtu aliye ndani ya pipa. "Baba, usikanyage hapo. Maji ya kisima yana hii dawa unayoisikia. Ndiyo hii hii. Umekuwa ukiinywa. Nakuomba utoke."

Mzee alisimama. Pua yake ilikuwa inachezacheza. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuisikia ile harufu ikiwa wazi, si ile hafifu ya siku za mvua. Akatazama pipa. Akatazama ndoo yake. Kisha akautazama mkono uliomshika, glavu nene ya kijani, akaanza kukohoa hadi machozi.

"Niachie mkono," akasema, lakini si kwa ukali.

Mkono ukamwachia. Mzee akarudi, akauvuka utepe polepole, mimi nikimshika kiwiko. Viatu vyake aliambiwa avivue hapo hapo, akavivua. Miguu nilimwosha kwa sabuni uani, yeye amekaa kwenye kigoda. Nilikuwa nasubiri. Kama amemjua, atasema mila imevunjwa, atataka wazee wakae, na mkamwana hatakanyaga tena kwangu.

"Yule kijana," akasema mwishowe, "ana mkono mdogo."

"Eeh."

"Na ameniita baba."

"Si wanakuita baba wote?"

Akanitazama. "Wewe mwanamke wa ziwani, unadhani mimi ni mjinga sana." Akanyoosha mguu wa pili niuoshe. "Mwambie mkubwa wao aniletee mtu wa kukifukia kisima. Nisilale tena nakiona. Na amlete yule yule. Avae vile vile, uso umefunikwa. Sitaki mwingine."

Walikifukia kesho yake asubuhi. Mzee alikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho, amekaa barazani, hakwenda kwa jirani. Udongo wa mfinyanzi walioleta kuziba mdomo ulikuwa mzuri, ningeweza kuufinyanga. Jua lilipokuwa kali akaniambia, bila kugeuka, "Kampe maji yule. Lile vazi linampika." Nikampelekea nyuma ya jiko, akavua barakoa, uso umelowa jasho na si jasho tu, akanywa, akashukuru, "Ndaga, mama." Akaivaa tena akarudi kazini.

Mzee alipelekwa Mbeya kupimwa damu. Walisema dawa imo, arudi kupimwa tena. Kuna asubuhi anaamka mikono inamtetemeka. Anakunywa maji ya bomba sasa. Kila akimaliza kikombe anakunja uso.

"Bati," anasema, anataka kingine.