Mtu wa Mpunga na Shairi la Kahawa

Ana wivu huyo, ndivyo wanavyosema ofisini. Haya basi, nina wivu, na niko nao hadi leo.

Katika shule yetu, huku Gatitu, Kiswahili cha kidato cha nne kilikuwa changu miaka yote. Mwaka huu akaletwa mwalimu mpya, binti wa Mwea, mtu aliyekulia kwenye mpunga. Mwalimu mkuu akasema ataketi nyuma ya darasa atusikilize sote wawili tukifundisha shairi lile lile, mimi Jumatatu, yeye Jumanne, kisha aamue nani atawafikisha kwenye mtihani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ngoja usikie nilivyopona.

Shairi lenyewe linasimulia mama anayechuma kahawa wakati wa vita, huku wanajeshi wakipita kijijini kuzoa vijana. Jioni anaimwaga kahawa juu ya gunia, anachambua, na matunda mabichi anayatupa kando. Basi. Hakuna anayelia, wala risasi haisikiki.

Jumatatu nikafundisha ukinzani kama ninavyoujua. Nikachora mstari katikati ya ubao: huku vita, kule amani, huku kelele, kule kimya. Wanafunzi wakanakili, vichwa chini. Nikatoka nimeridhika. Mimi ni mtoto wa Gakindu, kijiji cha kahawa bwana, kahawa nimeichuma kabla sijajua kusoma. Nani angeniambia kitu kuhusu shairi hilo?

Jumanne nikajibanza dirishani. Yeye hata chaki hakushika. Aliwaambia hajawahi kugusa mti wa kahawa maishani, akauliza kwa nini mama huyo anatupa matunda aliyoyachuma kwa taabu. Darasa likacheka, kisha likamrukia kwa majibu: mabichi hayapokelewi kiwandani, unarudishiwa gunia lote, unachambua upya juani mbele za watu. Halafu msichana mmoja wa bweni, anayetoka kijiji kimoja nami, akainua mkono polepole.

"Kumbe kiwanda kinakataa mabichi," akasema, "lakini vita vinayachukua."

Mwalimu mkuu akaandika kitu. Ile ilikuwa kahawa yangu jamani! Mikono iliyokwaruzwa na matawi yale ni yangu, na sasa ati mtu wa mpunga ndiye anayevuna.

Ijumaa akapewa kidato cha nne. Nikampa mkono, nikacheka meno tu. Kisha nikamwita yule msichana kando na kumuuliza, kwa sauti isiyokuwa nzuri, kwa nini Jumatatu alininyima jibu lile.

Akatazama viatu vyake.

"Hukutuuliza, mwalimu."

Nikamwambia arudi darasani, kwa mwalimu wake.