Kioo cha Dirisha la Dawa

Niliigusa ile mashine. Kwa miaka mingi nimesema sikuigusa. Nilimwambia hivyo mtawala wa kliniki, nikamwambia meneja wangu, nikamwambia hata marehemu mume wangu, ambaye hakuwa ameuliza. Nilisema niliikagua tu. Sasa nimestaafu, na kampuni niliyoitumikia imeniomba niwaandikie mafundi vijana jinsi tulivyofanya kazi zamani. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa nzuri sana. Ilikuwa na kila kitu isipokuwa jambo hili, nami nikaichana.

Siku ya kwanza kazini nilifika karakana ya Naguru nikiwa nimevaa viatu vya kisigino, na shahada yangu nimeitia kwenye bahasha ya kaki, nikidhani kuna mtu atakayetaka kuiona. Mkuu wa Karakana alikuwa chini ya meza. Niliona miguu yake tu. Akauliza kutoka hukohuko chini:

"Umesoma wapi?"

"Chuo kikuu, ssebo," nikamjibu kwa heshima, kama bwana mkubwa.

"Vizuri. Hii kompyuta haikusoma. Utaongea nayo polepole. Nipe bisibisi."

Bahasha ile niliirudisha nyumbani jioni bila kufunguliwa, na viatu vile sikuvivaa tena siku ya kazi.

Skrini za mguso za wakati huo hazikuwa kama za simu zenu. Tulichukua monita ya kawaida, ile nene yenye kisogo kama televisheni, na mbele yake tukafunga kioo cha pili. Kioo hicho kilikuwa na tabaka mbili nyembamba. Kidole kikizibana, zinagusana, na habari ya mguso inasafiri kwa waya hadi nyuma ya kompyuta. Kompyuta zenyewe zilikuwa kuukuu, zilizoletwa kwa kontena baada ya kutumika kwingine, na kila moja ilikuja na tabia za nyumba ilikotoka.

Kazi yenyewe ilikuwa draiva. Draiva ni programu ndogo inayoiambia kompyuta kwamba kifaa fulani kipo na kinaongea lugha gani. Bila draiva, kioo ni kioo tu, utakigusa mpaka kucha zikatike. Leo draiva inajileta yenyewe kwa mtandao. Sisi tulitembea nazo kwenye diski, ndani ya mkoba, pamoja na kitambaa cha kufutia alama za vidole. Ukiweka draiva ya mfumo mpya kwenye kompyuta ya zamani, mashine inakuonyesha uso wa buluu na kunyamaza. Ukiweka mpya bila kuondoa ile ya kwanza, mbili zile zinakaa kama wake wenza waliopewa jiko moja: kila mmoja anangoja mwenzake awashe moto. Mara nyingine kioo na kipanya viligombea njia ileile ya kuingilia, na ilibidi ukae uvipatanishe, uwashe mashine upya, uzime, uwashe tena. Nilikuwa hodari wa mambo hayo. Nasema bila haya, kwa kuwa haya yangu nimeiweka kwa ajili ya sehemu ijayo.

Baada ya Naguru nilipelekwa ghala moja la Port Bell. Mkuu wa Ghala alikuwa anagusa kioo kwa ncha ya kisu cha kufungulia magunia, kisha ananiuliza mbona kina majeraha. Nilipomwambia atumie kidole, alinitazama kwa huruma. "Nnyabo, kidole changu kina mafuta ya samaki. Mimi nakihurumia kioo chako." Nilibadilisha vioo vitatu kabla hatujaelewana.

Hatua ya mwisho ya kila kazi iliitwa kusawazisha. Draiva ikishakubali, kioo bado hakijui picha iko wapi nyuma yake. Kwa hiyo programu inaonyesha alama za msalaba, moja kila pembe na moja katikati. Unazigusa moja baada ya nyingine, na mashine inapiga hesabu zake. Kitabu cha maelekezo kilisema wazi kwamba misalaba iguswe na mtu atakayeitumia mashine, akiwa ameketi mahali anapoketi siku zote. Sote tuliisoma sentensi hiyo. Sote tuliigusa misalaba wenyewe, tukiwa tumesimama na mkoba begani, kwa sababu kazi nyingine ilikuwa inangoja.

Ndivyo nilivyofanya kwenye kliniki moja ya hisani, barabara ya kwenda Kalerwe. Jina lake sitalitaja. Kwenye dirisha la dawa alikaa karani wa makamo, Mnubi kutoka Bombo, mjukuu wa askari, anayeongea Kiswahili kwa raha kuliko mimi niliyekipata vitabuni. Goti lake moja lilikuwa bovu, hivyo alikalia kiti kifupi ambacho wenzake walikicheka. Kazi yake ilikuwa kugusa jina la dawa kwenye skrini, kisha kugusa mstari wa mgonjwa: mtoto mchanga, mtoto, mtu mzima. Kibandiko chenye kipimo kinatoka, anakibandika kwenye chupa.

Misalaba ilipotokea, alikunja uso.

"Injinia, mimi Mwislamu. Hii misalaba yako nitagusa namna gani?"

"Usijali, mama. Misalaba yako nitaibeba mimi."

Muuguzi aliyesimama nyuma yetu alicheka, karani akacheka, mimi nikacheka kwa kujipenda. Nikaigusa yote mitano nikiwa nimesimama, nikajaribu mistari michache, yote ikaitika. Nikampa mtawala karatasi aweke sahihi.

Baada ya wiki kadhaa muuguzi alianza kukuta vibandiko vya watu wazima kwenye chupa za watoto. Mara mbili aliviona akavirudisha. Mara ya tatu hakuviona. Mtoto mmoja alipewa kipimo cha mtu mzima, akalazwa siku mbili bila kuamka vizuri. Alipona. Nawaambia mapema kwamba alipona, ingawa mama yake hakuambiwa mapema.

Niliitwa. Kabla sijatoka ofisini, Meneja wa Huduma alinipigia. Jina langu lilikuwa mezani kwake, likipendekezwa kwa cheo cha msimamizi. "Nenda ukaone," alisema. "Ripoti iwe fupi." Sitamlaumu. Hakuniambia niongope, maneno mengine niliyajaza mwenyewe njiani.

Mtawala wa kliniki alikuwa sajini mstaafu kutoka Gulu, mtu wa haki kwa jinsi alivyoielewa haki.

"Sikia, mwanangu," aliniambia. "Mimi nilikuwa jeshini. Bunduki ikikosa, tunauliza mkono kwanza. Wewe sema tu, mashine mzima ao mbovu?"

Nilijaribu mistari yote nikiwa nimesimama. Yote iliitika. Karani alikuwa ameegemea ukuta, mikono ameificha kwenye mikunjo ya gauni lake.

"Kaa hapa kwa kiti yangu, Injinia," alisema. "Gusa kutoka hapa."

"Kiti hakihusiani na kompyuta, mama," nikamjibu. Hayo ndiyo niliyosomea chuo kikuu.

Mtawala akamtoa nje, akatoka naye. Nilibaki peke yangu. Nikapiga magoti nikaze waya nyuma ya mashine, na nilipotaka kuinuka niligusa skrini kutoka kule chini, kwenye mstari wa mtoto. Ukawaka mstari wa mtu mzima.

Niligusa tena. Mtu mzima.

Nikaketi kwenye kile kiti kifupi. Kati ya kioo cha mbele na picha iliyo nyuma kulikuwa na nafasi, kama upana wa kidole. Aliyesimama anaitazama picha kutoka juu, kwa hiyo kidole chake kinatua juu kidogo ya pale kinapotua cha aliyeketi. Nami nilikuwa nimeifundisha mashine kumwamini aliyesimama. Karani alipogusa mstari wa mtoto kutoka kitini mwake, kompyuta ilisoma mstari wa chini yake. Si kila mara. Mara ya kutosha tu.

Nilifungua programu ya kusawazisha, nikaigusa misalaba mitano nikiwa nimeketi pale. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Kisha nikawaita.

Mtawala alimwambia karani akae na ajaribu. Aligusa polepole, kama mtu anayepapasa chungu kujua kama bado kina moto. Mtoto, ikawa mtoto. Mtu mzima, ikawa mtu mzima. Alirudia mara nyingi, hakukosea hata moja.

"Sasa, mama," mtawala akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Mashine ni ileile. Leo unaweza. Juzi ulikuwa wapi?"

Karani alinitazama.

"Muulize Injinia amefanya nini."

Mtawala akageuka kwangu. Hapo palikuwa na nafasi ya kutosha. Nimeipima mara nyingi tangu siku hiyo, na kila mara naiona kubwa zaidi.

"Nimekagua tu," nikasema.

Kwenye ripoti niliandika: Mashine haina kasoro. Ilikuwa kweli, kwa saa ile niliyoandika. Karani aliandikiwa barua ya kuachishwa kazi kwa uzembe. Mimi nikapata cheo.

Miaka iliyofuata nilizunguka vituo vingi, nikawa msimamizi, kisha mkufunzi. Katika kila mafunzo niliwaambia mafundi: kaa kwenye kiti cha mtumiaji, mpe yeye aguse misalaba. Walipiga makofi. Mmoja aliwahi kuniuliza niliyajulia wapi mambo hayo. Nikamwambia ni uzoefu. Baadhi yenu mnaosoma hapa mlikuwamo chumbani.

Mwaka huu, baada ya kustaafu, nilikuwa nikichagua kabichi sokoni Kalerwe mtu akaniita Injinia. Alikuwa yule muuguzi, naye amestaafu. Tulisalimiana kirefu, tukahesabiana watoto. Nikamuuliza habari za karani, kwa sauti niliyoona ni ya kawaida.

"Yuko Bombo, anasuka vikapu. Mwaka jana alikuja kunitembelea, jirani yangu mmoja akamtambua. Unajua alivyomwita? Yule mama aliyetaka kuua mtoto." Akatikisa kichwa. "Watu hawasahau, nnyabo."

Nilinunua kabichi ambalo hata sikuwa nimelichagua. Muuguzi alinipa anwani, akiamini nataka kikapu.

Niliandika barua moja, nikatoa nakala mbili. Moja niliipeleka kliniki kwa mtawala wa sasa, nikiomba maneno yangu yafutwe kwenye faili na haya yawekwe. Ya pili niliituma Bombo. Sikuandika maneno mengi. Nilisema nilifanya nini mara ya kwanza, nilifanya nini mara ya pili, na nilisema nini nilipoulizwa. Mwishoni nikaandika kwamba kampuni imeniomba kumbukumbu hizi, na kwamba sitazitoa bila yeye kusema ndiyo. Kliniki walinijibu kwa mistari miwili, kwamba barua imepokelewa na itahifadhiwa.

Bombo walinyamaza. Ndipo nikaandika ile rasimu ya kwanza, ya heshima, yenye Mkuu wa Karakana na kisu cha Port Bell, yenye kuchekesha mahali panapofaa. Niliona labda ukimya ndio jibu. Mtu mwenye shahada hakosi njia ya kuusoma ukimya kwa faida yake.

Asubuhi ya Jumamosi, nikiwa naanika nguo, simu ikalia. Namba sikuijua.

"Ni wewe, Injinia?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

Hakuiitikia. "Barua imefika. Nimesoma mara mbili."

"Ndiyo, mama."

"Mwaka wa kwanza nilijua ni wewe. Nilisema kwa kila mtu, huyu mwanamke ametengeneza ile kitu halafu amekataa. Wakasema, wewe hujasoma, utajua nini. Nikasema tena. Halafu nikachoka." Nilisikia akivuta pumzi. "Ukisema kitu peke yako muda mrefu, unaanza kuona labda wao ndio wanasema kweli. Nikaanza kuangalia mkono yangu. Nikasema, labda ni huu."

Nilikuwa na maneno tayari. Nilikuwa nimeyaandaa kwa miezi. Niliyaacha, nikaketi kando ya beseni la nguo.

"Tangu hapo sijampimia mtoto dawa," akaendelea. "Wa kwangu, wa binti yangu, hata mmoja. Mtoto akiwa na homa naita jirani. Wanasema mama anajifanya bibi mkubwa. Mimi naogopa tu."

"Mama, ulikuwa hukosei."

"Nimesoma. Mara mbili, nimekuambia." Kisha akasema: "Hiyo kumbukumbu yako, toa. Lakini kwa barua umeandika karani, karani. Karani ni wengi. Watu wa hapa watajua namna gani kwamba ni mimi? Andika Zaituni binti Ramadhani, wa dirisha la dawa."

"Nitaandika."

"Kusamehe, usiniulize leo. Hiyo sijafika."

"Siulizi, mama."

Nilidhani amekata. Nyuma yake niliwasikia kuku, na mtu akipiga kelele uani.

"Jana mtoto wa binti yangu alishikwa na homa," Zaituni akasema. "Nimechukua kijiko, nimepima mwenyewe. Sikuita mtu."

"Anaendeleaje?"

"Si unamsikia? Anafukuza kuku wangu."